Kumfundisha Mkorea Kiingereza Ukiwa Umoja

Seoul iko mbele ya Nairobi kwa saa 6. Mwanafunzi wangu akikaa kusoma saa mbili usiku, hapa Umoja, mtaa wa Nairobi, ni saa nane mchana, na jirani anachomelea mageti. Funga dirisha kwanza.

Usiulize, "Umeelewa?" Atakubali tu kwa heshima. Mwambie akueleze upya.

Matamshi ndiyo kazi yenyewe. Kikorea hakina sauti ya f, kwa hiyo kahawa kwa Kiingereza chake huwa "kopi". Mwonyeshe: meno ya juu yaguse mdomo wa chini, kisha apulize. "Bus" naye huongezea irabu mwishoni. Usicheke, hata sisi tunasema basi.

Ukisahihisha, usiandike jina lake kwa rangi nyekundu. Kwao hiyo huhusishwa na kifo. Mimi niliandika.