SOMO: Mwenza Mthai, foleni ya viza, na swali la mtaishi wapi

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa zaidi ni "viza ya mwenzangu itachukua muda gani?" Halijibiki mpaka mjue mnahamia nchi gani na anayehama ni nani. Wengi hupeleka maombi kwanza, kisha wakiwa tayari kwenye foleni ndipo wanaanza kuvutana: huyu anataka Bangkok, yule anataka Arusha, kuna na shemeji Leicester, Uingereza, anayesema njooni huku. Ada imeshalipwa, na ikishalipwa kwa kawaida hairudi. Kwa hiyo leo naanza na mahali, viza itafuata.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa vito wanaopeleka mawe ya Mahenge na Mirerani Bangkok na Chanthaburi, wakapata wachumba huko. Nawaandikia pia dada zetu walioolewa na Wathai, na mlio Uingereza mnaotaka kumleta mwenza.

Hatua ya kwanza: nani atafanya kazi siku ile ya kwanza?

Kaeni wawili mjibu hili kabla ya lingine lolote. Mapenzi ya mtu na mwenzake huumizwa sana na miezi ambayo mmoja anakaa nyumbani bila ruhusa ya kushika kazi, anasubiri kupewa nauli ya basi.

Thailand, viza ya ndoa inakupa kuishi. Haikupi kazi. Kibali cha kazi ni karatasi nyingine, na mara nyingi mwajiri ndiye anayeianzisha. Aliyefunga ndoa na Mthai ana nafuu moja: kampuni inayomwajiri hutakiwa kuwa na mtaji uliolipwa wa baht milioni 1, wakati kwa mgeni mwingine ni milioni 2. Ila kuna kazi ambazo mgeni haruhusiwi kabisa, na hapa watu wa vito nisikilizeni. Kukata na kung'arisha vito imo kwenye orodha hiyo, pamoja na kunyoa na kusuka nywele na kuongoza watalii. Unaweza kuwa fundi hodari wa kukata jiwe pale Arusha, lakini Thailand kisheria kazi hiyo ni ya Wathai. Biashara yako ipangeni kwenye kununua na kuuza, na kampuni isajiliwe vizuri. Usikae meza ya sokoni Chanthaburi kwa viza ya utalii ukidhani ndoa itakulinda siku wakaguzi wakipita.

Uingereza ni kinyume chake. Kuingia ni kwa gharama kubwa, lakini mwenza akishaingia na viza yake anaruhusiwa kufanya kazi mara moja. Kenya na Tanzania zinafanana na Thailand: pasi ya mtegemezi ni ya kuishi, kazi inataka kibali chake.

Msimamo wangu ni huu. Kama kazi zenu zinalingana, nendeni mahali ambapo yule mwenye nafasi finyu zaidi ya ajira ataruhusiwa kufanya kazi. Mwenye ujuzi unaouzika popote ndiye avumilie kusubiri.

Hatua ya pili: wazazi wa pande zote

Mthai hulelewa akijua kwamba kuwatunza wazazi ni deni lake, na familia nyingi humtegemea hasa binti, mara nyingi wa mwisho. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Pale kuna sinsod, mali inayotolewa kwa wazazi wa bibi harusi, nayo haimalizi wajibu, kama ambavyo mahari kwetu haiumalizi. Ulizeni waziwazi: kila mwezi tutatuma kiasi gani Isan, kule kaskazini-mashariki mwa Thailand, na kiasi gani Moshi? Nani ataitwa baba akilazwa? Mzee akiwa hoi Khon Kaen na binti pekee yuko Manchester akisubiri viza kuongezwa muda, hawezi kuondoka na kurudi kirahisi. Jambo hili lina uzito kuliko hali ya hewa na bei ya nyumba, na watu huliacha hadi simu ya usiku.

Upande wa afya, mwenza wako Mthai ana bima ya taifa kwao, ule mpango wa baht 30. Wewe mgeni huna. Tengeni fedha ya bima yako.

Hatua ya tatu: ndoa isajiliwe

Sherehe ya watawa, nikaha au kanisa, hakuna kati ya hizo inayotosha kwa viza. Ndoa husajiliwa ofisi ya wilaya, inayoitwa amphoe, au khet ukiwa Bangkok. Unahitaji hati ya kuthibitisha kwamba huna ndoa nyingine. Mkenya huianzia kwa Msajili wa Ndoa, na Kenya ina ubalozi Bangkok. Mtanzania aulize kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ni ubalozi upi unaosimamia Thailand. Hati hutafsiriwa Kithai, kisha huthibitishwa na idara ya konseli ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Thailand, ile ya barabara ya Chaeng Watthana. Jina lako kwa Kithai liandikwe kwa herufi zilezile kwenye kila tafsiri. Herufi ikitofautiana utarudishwa.

Mliofunga ndoa nyumbani msifunge tena. Pelekeni cheti amphoe, kisajiliwe kama ndoa ya nje. Karatasi yake inaitwa Kor Ror 22. Na mwanamke aliyeachika, sheria ya Thailand inamtaka asubiri siku 310 kabla ya kuolewa na mwanamume mwingine, isipokuwa kwa sababu chache kama cheti cha daktari kwamba hana mimba. Hesabuni siku hizo mapema.

Hatua ya nne: mkichagua Thailand

Hapa nitakaa kidogo, maana tarehe ndizo zinazowaangusha watu.

Mnaanza na viza aina ya Non-Immigrant O kwa sababu ya ndoa. Maombi hufanywa mtandaoni, na ubalozi wa Thailand ulio Nairobi ndio unaohudumia wengi wetu. Viza hiyo inakupa siku 90. Ndani ya siku hizo unaomba Uhamiaji wakuongezee mwaka mmoja, ada baht 1,900. Mume mgeni aonyeshe baht 400,000 zilizokaa benki ya Thailand miezi 2 kabla ya siku ya kuomba, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi.

Sasa piga hesabu. Ukiingia tarehe 1 Januari, siku zako zinaisha 31 Machi. Ili fedha iwe imetimiza miezi 2, iwe imeingia kabla ya mwisho wa Januari. Yaani una wiki chache tu za kufungua akaunti na kupokea fedha kutoka nje, na kuna matawi ya benki yatakayokukatalia mgeni mpya. Nenda tawi jingine, mwenzio aongee, mkiwa na cheti cha ndoa mkononi. Msisubiri mpaka mmalize kutembelea shangazi wote.

Siku ya kuomba, pita benki asubuhi. Weka hata baht 100 ili kitabu cha benki kichapwe tarehe ya siku hiyo, na uchukue barua ya benki. Kisha kuna picha: wewe na mwenzio sebuleni, chumbani, na nje mkisimama mlangoni namba ya nyumba ikionekana. Kuna na ramani ya kufika nyumbani ambayo mnaichora kwa mkono. Ichoreni vizuri, na duka la kona na hekalu la jirani vionekane, kwa sababu maofisa huweza kuja kweli. Jirani akiulizwa, awajue. Baada ya hapo hupigwa muhuri wa kusubiri, kwa kawaida siku 30, ndipo uende kuchukua mwaka wako.

Ukishaupata, kila siku 90 unaripoti anwani yako. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuandikisha kwamba unaishi kwake, kwa fomu TM30, ndani ya saa 24 tangu ufike. Nyumba ikiwa ya mke wako, mwenye nyumba ndiye yeye. Na ukitaka kutoka nchini, nunua kwanza kibali cha kurudi: baht 1,000 kwa mara moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukiondoka bila hicho, mwaka wako unafutika uwanja wa ndege, fedha na picha zote zimepotea bure.

Hatua ya tano: mkichagua Uingereza

Mwenye makazi Uingereza aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza Aprili 2024, kabla yake kilikuwa 18,600. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba ya pauni 88,500. Ada ya maombi kutoka nje ilipanda hadi pauni 1,938 Aprili 2025, na ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, inalipwa yote mwanzoni. Mwombaji anayeishi Thailand, Kenya au Tanzania apime kifua kikuu katika kituo kinachotambuliwa, na afanye mtihani wa Kiingereza ngazi ya A1. Kiwango cha kawaida cha kusubiri ni wiki 12. Viza ya kwanza ni miezi 33, makazi ya kudumu huombwa baada ya miaka 5.

Hatua ya sita: mkichagua kwetu

Kenya inatambua uraia pacha, na katiba ya 2010 inampa mwenza haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mke Mthai akitaka uraia itambidi aachie wa kwao, na pamoja na huo haki yake ya kumiliki ardhi Thailand. Simshauri yeyote afanye hivyo mapema. Aishi kwa kibali.

Wakati wa kusubiri

Asiache kazi mtu, wala msirudishe nyumba ya kupanga, mpaka viza ionekane. Kutembeleana, mara nyingi ni rahisi zaidi Mthai kuja kwetu: Kenya anaomba idhini ya kusafiri mtandaoni, Tanzania viza ya mtandaoni kwa dola 50. Akipita Zanzibar alipie na bima yao ya dola 44. Achanjwe homa ya manjano walau siku 10 kabla ya safari, maana akirudi Bangkok kutoka kwetu ataulizwa kadi. Na wewe vilevile.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali, Arusha: Shikamoo kaka. Hiyo laki nne ya baht inaweza kukaa akaunti ya mke wangu? Au ya pamoja?*

Marahaba. Hapana, iwe akaunti yenye jina lako peke yako. Usiguse chochote mpaka upigiwe muhuri wa mwaka mzima. Baadaye unaweza kuitumia, ila kumbuka irudi miezi 2 kabla ya ombi lijalo.

*Swali, Nairobi: Mimi ni dada niliyeolewa na Mthai. Nami natakiwa kuonyesha hizo pesa?*

Sharti hilo, dada yangu, limeandikwa kwa mume mgeni aliyeoa Mthai. Mke mgeni wa Mthai kwa utaratibu huo hadaiwi amana. Karatasi nyingine, picha na ramani vinabaki palepale. Njia ya uraia nayo ni nyepesi zaidi kwa mke kuliko kwa mume, kwa hiyo hifadhi kila risiti ya kodi ya mumeo.

*Swali, Tanga: Assalaam aleykum. Nina mke mmoja hapa, dini inaniruhusu. Naweza kuoa Mthai Muislamu wa Pattani nikapata viza?*

Waaleykum salaam. Sheria ya Thailand inakataza aliye na mwenza kusajili ndoa nyingine, na ikisajiliwa ni batili. Ni kweli mikoa minne ya kusini, Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, mahakama hutumia sheria ya Kiislamu kwa kesi za familia na mirathi za Waislamu. Lakini Uhamiaji wanataka cheti cha amphoe, na hati yako ya nyumbani itasema una mke. Usitafute hati ya uongo. Utamtesa binti wa watu, ambaye atabaki bila haki siku ukifa.

*Swali, Dar es Salaam: Wakwe wametupa kiwanja Udon Thani. Nikijenga kwa fedha yangu, nyumba ni yangu?*

Ardhi huwezi kumiliki. Mke wako akinunua kiwanja, wewe utasaini kwamba fedha ni mali yake binafsi, na saini hiyo ina maana yake: mkiachana huna cha kudai juu ya ardhi. Jengo ni jambo tofauti, kibali cha ujenzi kinaweza kuwa kwa jina lako, na mnaweza kuandikisha ofisi ya ardhi haki yako ya kulitumia. Fanyeni hivyo kabla ya kumwaga zege, mbele ya wakili ambaye hajaletwa na muuzaji. Kama roho haijatulia, nunua fleti. Mgeni anaruhusiwa kuimiliki ilimradi wageni hawazidi asilimia 49 ya eneo la jengo.

*Swali, London: Mtoto wetu wa kiume ana uraia wa Thailand kupitia mama. Atapelekwa jeshini?*

Kila mwanamume Mthai hujiandikisha akifikisha miaka 17 akiingia 18, kisha akiwa na miaka 21 huitwa kwenye bahati nasibu ya Aprili: kadi nyeusi unakwenda nyumbani, nyekundu unakwenda kambini. Anayesoma huweza kuomba kuahirishiwa, na aliyemaliza miaka 3 ya mafunzo ya jeshi la akiba akiwa sekondari haingii kwenye bahati nasibu. Mama yake aangalie jina la mtoto limo kwenye kitabu cha nyumba (daftari la wakazi wa nyumba) cha wilaya gani, kwa sababu wito utatumwa kwenye anwani hiyo hata kama ninyi mko London.