Changeni kwa gunia, ulizeni swali lenu: utafiti wa ngano na shayiri mikononi mwa mkulima

Pitisha kidole kwenye shina la ngano lililoshikwa na kutu. Malengelenge marefu ya rangi ya tofali yamepasua ngozi ya shina, na kidole kinatoka na unga mwekundu. Upepo ukivuma, unga huo unahamia kwa jirani. Ukiuona unga huo wakati punje bado zina maziwa, zitasinyaa, na dawa ya kupuliza itakuwa imechelewa.

Kutu ni ugonjwa wa ukungu, na aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikaenea Kenya na Ethiopia. Iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyotegemewa na ngano ya nchi nyingi. Ili kupata mbegu za kuikabili, watafiti walizungusha vizazi vya ngano: vinapandwa Mexico, vinaletwa Njoro, hapa Kenya, vikutane na kutu yenyewe, na vinavyohimili vinarudi Mexico kuendelezwa. Kule Mexico, wakulima wa jimbo la Sonora wana chombo chao, Patronato, kilichoundwa mwaka 1964, ambacho kupitia kwake huchangia utafiti kutokana na mavuno yao. Kwa hiyo kwenye mbegu yenye kinga inayopandwa Narok leo, mna jasho la mkulima wa Sonora. Nasi tutie mkono, tuchangie utafiti wetu.

Nchi zilizoendelea kwa nafaka zimezoea jambo hili la mkulima kuchangia utafiti. Australia hukata karibu asilimia 1 ya thamani ya mavuno, na serikali huongeza chake. Magharibi mwa Canada, baada ya mwaka 2012, makato yalikuwa senti 48 za dola kwa tani ya ngano na senti 56 kwa tani ya shayiri, sehemu kubwa ikienda kwenye utafiti wa mbegu. Mkulima asiyetaka aliweza kuomba arudishiwe. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu mtafiti anayejua kwamba fedha zinaweza kurudi kwa mwenyewe hatasahau kuja kueleza alichokipata.

Huhitaji kungoja sheria. Kikundi cha wakulima ishirini wa Mau Narok, Timau au Moiben kinaweza kuanza msimu huu. Kubalianeni kiasi kidogo kwa kila gunia, kikatwe pale kwenye mizani kabla fedha hazijaingia mfukoni. Akaunti iwe peke yake, na hesabu zisomwe mbele ya wote baada ya kuvuna. Kisha chagueni swali moja tu. Mkijaribu mbegu, mbolea na dawa kwa pamoja, hamtajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Tuseme swali ni mbegu ipi inafaa kwenu. Kila aina ipandwe kwenye vipande vitatu au vinne, vikiwa vimechanganywa shambani, na mbegu mnayoipanda sasa iwe mojawapo. Upana wa kipande ulingane na kombaini, mashine ya kuvunia. Nasisitiza kurudia kwa sababu niliwahi kuongoza jaribio lenye kipande kimoja kwa kila aina. Mbegu mpya ilizidi kwa mbali, tukashangilia, hadi mzee mmoja aliposema, "Wanangu, hapo palikuwa boma la ng'ombe." Tulikuwa tumepima samadi, na msimu mzima ulikwenda bure.

Pimeni unyevu pamoja na uzito. Kilo 500 zenye unyevu wa asilimia 18 ni sawa na kilo 471 tu kwenye unyevu wa asilimia 13. Aliyevuna mapema ataonekana bingwa, kumbe ana maji. Acheni pia ukanda mwembamba wa kila aina bila dawa ya ukungu, muone kinga ya mbegu yenyewe.

Kwa shayiri ya kimea, yaani ya kutengenezea bia, uzito hautoshi. Mnunuzi huangalia protini, ukubwa wa punje na kama zinaota vizuri. Naitrojeni ikizidi, protini hupanda na mzigo unaweza kukataliwa, hivyo pelekeni sampuli ya kila kipande ikapimwe kabla ya kumtangaza mshindi.

Na mkishapata mbegu nzuri, msifunge mfuko wa michango. Ngano ya Digalu ilistahimili Ug99 huko Ethiopia, lakini mwishoni mwa 2013 kutu ya aina nyingine iliivamia na kuangamiza mashamba.

Mkiona kutu kwenye mbegu iliyosifiwa kuwa na kinga, kateni vipande vya shina vyenye malengelenge mabichi, vianikeni kivulini na kuvifunga kwenye bahasha ya karatasi. Msitumie plastiki, maana vitaota ukungu njiani. Andikeni tarehe, mahali na jina la mbegu, kisha vifikisheni KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kituo cha Njoro. Nauli ya bodaboda itoke kwenye mfuko wa kikundi.