Anza na ripoti za wahakiki, makala baadaye

Kwa wenzangu wa kozi za afya hapa Dodoma tunaoandaa mada za kila wiki: makala ikiwa imehakikiwa kwa uwazi, yaani ripoti za wataalamu walioikagua zimewekwa hadharani, fungua ripoti hizo za wahakiki kabla hata ya kusoma ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala). Kwenye eLife, jarida la mtandaoni la sayansi za uhai, kwa utaratibu wake wa tangu 2023, ripoti huwekwa hadharani pamoja na tathmini fupi ya wahariri. Tafuta humo maneno mawili: moja la uzito wa matokeo, jingine la nguvu ya ushahidi. Matokeo yanaweza kuitwa muhimu huku ushahidi ukitajwa kuwa haujakamilika, na hapo ndipo pa kukaza macho. F1000Research, jukwaa jingine la kuchapisha tafiti, nao huonyesha uamuzi wa kila mhakiki na jina lake. Kuanza na ripoti kunasaidia kwa sababu ikisiri huandikwa na mwenye utafiti, naye huvutia kwake. Mhakiki anakuonyesha sampuli ilipokuwa ndogo au kundi linganishi lilipokosekana, hivyo ukifika kwenye majedwali unajua unatafuta nini. Ila angalia toleo: ripoti ya toleo la 1 inaweza kulalamikia kosa lililokwisha kurekebishwa kwenye la 2, kwa hiyo soma na majibu ya waandishi. Mbinu hii haifui dafu kwa andiko jipya la medRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za tafiti za afya, ambalo kwa kawaida bado halijahakikiwa. Hilo lisome mwenyewe, mstari kwa mstari, na usilipeleke wodini.