Mbwa ameanza kukohoa ghafla: fanya hivi hatua kwa hatua

Wenye mbwa wengi huanza na swali la dawa. Kwangu swali la kwanza ni hili: anapumua vipi?

Hatua ya 1: Hakikisha hajakabwa na kitu

Mbwa aliyekwamwa na kitu kooni hatulii. Anajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele na mate yanamchuruzika. Mfungue mdomo. Kitu ukikiona vizuri na kinashikika, kitoe; usipokiona usichokonoe, utakisukuma ndani zaidi. Kisha tazama fizi, au ulimi kama fizi zake ni nyeusi kwa asili. Zikiwa za buluu, kijivu au nyeupe, hatua zilizobaki achana nazo. Mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Mrekodi kwa simu

Mbwa wana tabia ya kunyamaza kimya wakifika kliniki, kwa hiyo video ya nusu dakika hunisaidia kuliko maelezo marefu. Mara nyingine video huonyesha kwamba hata si kikohozi: mbwa amesimama, kanyoosha shingo, anavuta hewa puani kwa kukoroma, kisha anaendelea na mambo yake. Hiyo ni chafya ya kinyume. Inatisha kuitazama, ila kwa kawaida haina madhara.

Hatua ya 3: Sikiliza mlio

Kikohozi kikavu chenye mlio wa bata bukini, kinachoishia kwa kutaka kutapika au kutema povu jeupe, mara nyingi ni kile cha kuambukizana. Kumbuka kama alichangamana na mbwa wengine katika wiki mbili zilizopita. Husababishwa na bakteria *Bordetella bronchiseptica*, virusi vya parainfluenza na vinginevyo. Aliyechanjwa anaweza kukipata pia, ingawa kwa kawaida humjia kwa wepesi.

Kwa mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier na Pomeranian, mlio huohuo unaweza kutokana na bomba la hewa lililolegea, hasa ukitokea anaposisimka au unapomvuta kwa mkanda wa shingoni. Mbwa mchanga asiyechanjwa, mwenye matongotongo na makamasi mazito, tunamhofia distempa, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa.

Hatua ya 4: Hesabu pumzi akiwa amelala

Hatua hii wengi huiruka, nami naithamini kuliko zote. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, akiwa usingizini na hana joto. Zisizidi 30. Zikizidi kila unapohesabu, shuku moyo au mapafu, hata kama kikohozi chenyewe ni kidogo. Mbwa mzee wa namna hii haachwi hadi kesho.

Hatua ya 5: Amua

Kama anakula, anacheza na anapumua vizuri, mpumzishe. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, muepushe na moshi, mtenge na mbwa wenzake. Kikohozi cha kuambukizana kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi tatu.

Dawa za kikohozi za binadamu usimpe kabisa. Baadhi zina paracetamol au zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), na zailitoli ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Akikataa chakula, akizimia, akikohoa damu, joto likipita nyuzi 39.5, au wiki ikipita bila nafuu, mpeleke. Piga simu kabla hujafika, ili msikae chumba kimoja na mbwa wengine wanaosubiri.