Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutibu Fangasi wa Ukeni Wanaojirudia kwa Mwenye Ugonjwa wa Siliaki

Mwanamke mwenye ugonjwa wa siliaki, aliyezoea kusoma maandishi madogo ya kila pakiti na kukataa maandazi katika kila msiba na kila harusi, fangasi wa ukeni wakimrudia mara kwa mara huwa mwepesi wa kudhani kwamba tatizo hilo nalo litakwisha akiacha chakula kingine tena. Dhana hiyo inafaa kuwekwa kando mapema. Siliaki ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka iitwayo "rye" kwa Kiingereza), hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Fangasi wa ukeni, ambao mara nyingi ni Candida albicans, huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kuwasumbua, wakaleta dalili pale wanapopata nafasi ya kuzaliana kupita kiasi. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba protini moja ya fangasi hao inafanana kwa sehemu na gluteni, wakadokeza kuwa huenda fangasi wakawa miongoni mwa vichochezi vya siliaki. Lakini hiyo ni nadharia kuhusu chanzo cha siliaki, haijathibitishwa, na wala haisemi kwamba kipande cha chapati kilicholiwa kwa bahati mbaya ndicho kilicholeta muwasho wa wiki hii.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kinachotibiwa ni fangasi kweli. Kuwashwa, kuungua wakati wa kukojoa na utoko mweupe mzito ni dalili zinazoelekea huko, ila maambukizi ya bakteria, trikomona (vimelea vinavyoambukizwa kwa ngono), mzio wa sabuni au pedi, na hata magonjwa ya ngozi ya sehemu za siri huweza kuleta dalili zinazokaribiana nazo, na wanawake wanaojipima kwa hisia hukosea mara nyingi. Kwa hiyo inafaa kwenda kliniki dalili zikiwapo, kabla ya kupaka krimu yoyote, bila kujiosha kwa ndani, na ikiwezekana nje ya siku za hedhi. Katika vituo vingi mgonjwa huandikiwa dawa kwa maelezo ya mdomo tu, hivyo hakuna ubaya wowote kusema kwa adabu, "Daktari, naomba utoko upimwe kwanza." Sampuli ikitazamwa kwa hadubini, na asidi ya uke ikapimwa (kwa fangasi pH huwa kawaida chini ya 4.5), mengi hujulikana papo hapo. Kwa mtu ambaye amepata dalili mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, kipimo chenye thamani zaidi ni cha kuotesha fangasi maabara ili aina yao ijulikane, kwa sababu wapo wengine, hasa wale waitwao Candida glabrata, ambao flukonazoli, dawa ya kawaida ya fangasi ya kumeza, haiwamudu vizuri, na kurudia dawa ileile kwao ni kupoteza fedha.

Kabla ya siku ya miadi, andika tarehe ambazo dalili zilianza, zilikuwa upande gani wa mzunguko wa hedhi, na dawa zote zilizotumika, zikiwemo zile zilizonunuliwa dukani bila cheti. Sehemu ya antibayotiki ndiyo isiyopaswa kuachwa. Watu wengi wenye siliaki hukaa miaka mingi kabla ya ugonjwa wao kutambuliwa, na katika mazingira yetu tumbo linalojaa gesi na kuharisha kila mara hutibiwa kama amiba au taifodi, dozi baada ya dozi. Antibayotiki huua bakteria walinzi wa uke na kuwaachia fangasi uwanja, hivyo inawezekana kabisa kwamba uhusiano kati ya tumbo na fangasi wa mwanamke fulani umepitia kwenye dawa za tumbo, si kwenye gluteni. Taja pia dawa za steroidi, njia ya uzazi wa mpango yenye homoni, na uwezekano wowote wa ujauzito.

Omba upimwe sukari. Kisukari cha aina ya kwanza na siliaki huandamana mara nyingi kuliko inavyotarajiwa, na sukari isiyodhibitiwa ni sababu inayojulikana ya fangasi kurudi. Hapa pana mtego mdogo: kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile cha HbA1c, huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko ukweli kwa mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huo ni wa kawaida kwa wenye siliaki, basi ni vema kisomwe pamoja na sukari ya asubuhi kabla ya kula, na wingi wa damu na feritini (kipimo cha akiba ya madini ya chuma) vipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha VVU nacho kifanywe bila kukisia lolote, kwani kinga iliyoshuka hutoa nafasi kwa fangasi. Kama siliaki yenyewe haijathibitishwa kwa vipimo, usiache ngano kwanza, maana kingamwili zinazotafutwa katika damu hupungua mtu akiacha gluteni na jibu likapotosha.

Kuhusu jiko, kazi ni kulinda mlo uliopo, si kuupunguza. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, mtama na ulezi havina gluteni, lakini unga uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, uji wa lishe uliochanganywa nafaka usizozijua, na chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya sambusa vinaweza kuwa nayo. Hamira ya kuumulia si Candida, na kuiacha hakutibu fangasi wa uke. Tahadhari iwekwe kwenye virutubisho vya hamira itokanayo na viwanda vya bia, ambavyo huweza kubeba mabaki ya shayiri. Ile milo mikali inayosifiwa kwamba huua fangasi kwa kukataza matunda, wanga na maziwa haina ushahidi wa kutosha, na kwa maoni yangu ni hatari zaidi kwa mwenye siliaki kuliko kwa mtu mwingine, kwa kuwa tayari ana vyakula vichache na mara nyingi damu haimtoshi.

Kwenye duka la dawa, mwulize mfamasia wanga uliomo katika vidonge umetoka kwenye nini. Mara nyingi ni mahindi au viazi, lakini jibu lisikisiwe. Krimu na vidonge vya kuingiza ukeni havipiti tumboni, hivyo havihitaji hofu hiyo; vyenye mafuta hudhoofisha kondomu, na hilo linafaa kujulikana mapema. Asidi ya boriki, inayotumiwa na baadhi ya madaktari kwa fangasi sugu, ni sumu ikimezwa na haifai wakati wa ujauzito. Mjamzito hupewa krimu au kidonge cha ukeni cha klotrimazoli kwa siku 7 badala ya flukonazoli ya kumeza. Kitunguu saumu na siki havifai kuingizwa ukeni kamwe.

Mwisho, jiandae kwa muda. Tiba inayotumika sana kwa fangasi wanaojirudia huanza kwa dozi 3 za flukonazoli, siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6, kwa hiyo uliza bei ya dozi nzima, mweleze daktari kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu au ya moyo, na mkubaliane mapema utapima nini dalili zikirudi baada ya miezi hiyo, kwani kwa wanawake wengi hurudi. Homa, maumivu ya chini ya kitovu, vidonda au utoko wenye harufu kali visisubiri miadi.