SOMO: Kumzuia mbwa asiingie kwenye bwawa la samaki la nyuma ya nyumba

Wakuu, swali hili limeulizwa mno, na kila mara najibu vipande vipande. Huyu namweleza uzio, yule namweleza mafunzo, mwingine anaondoka na nusu ya jibu kisha anarudi na samaki waliokufa. Leo nimeandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tuelewane kwanza: mbwa haingii bwawani kwa ukorofi. Ana joto, ana kiu, ameona kitu kinachometameta kikikimbia chini ya maji, au amenusa chakula cha samaki. Kaa umtazame kabla hujanunua chochote. Anayeingia jua likiwa kali na kulala majini anatafuta ubaridi. Anayeganda ukingoni akiwafuata samaki kwa macho anawinda. Anayekuja mbio ukimaliza kulisha anafuata punje zinazoelea. Wa kwanza na wa tatu utawapunguza kwa hatua mbili za mwanzo tu. Mwindaji ndiye atakayekutoa jasho.

Hatua ya 1. Mpe maji yake: beseni pana, kivulini, mbali na bwawa, yabadilishwe kila siku.

Hatua ya 2. Lisha samaki kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 5, na chakula kilichobaki kikae kwenye chombo chenye kifuniko.

Hatua ya 3. Uzio. Pima mbwa kabla ya kupima bwawa. Kwa mbwa mdogo, sentimita 90 kwenda juu zinatosha. Mkubwa anahitaji 120 kwa uchache, na mrukaji hodari hata 180. Matundu ya wavu yawe madogo kuliko kichwa cha mbwa mdogo kuliko wote ulio nao, maana kichwa kikipita kikakwama, mnyama anajinyonga mwenyewe. Acha nusu mita hadi mita moja kati ya uzio na maji, upate pa kusimama unaposafisha.

Hatua ya 4. Chini ya uzio. Hapa ndipo kazi za wengi zinapoharibika, kwa hiyo soma mara mbili. Watu wanahangaika na urefu, mbwa anapita chini. Mbwa anayetaka kuingia huchimba pale pale wavu unapokutana na udongo, akisukuma kwa pua huku akiparura. Kata wavu wa pili wa waya mgumu wenye upana wa sentimita 60 au zaidi, uukunje uwe na umbo la herufi L. Upande mmoja wa L ufunge kwa waya kwenye sehemu ya chini ya uzio. Upande wa pili ulale ardhini, UPANDE ANAOSIMAMA MBWA, si upande wa bwawa. Ufukie kwa sentimita 5 hadi 10, shindilia udongo, nyasi zitaota juu yake. Akianza kuchimba, kucha zinagonga waya, na ni mbwa wachache sana wanaofikiria kurudi nyuma na kuanzia mbali. Ukiulaza upande wa bwawa umefanya kazi bure: atachimba nje, atapita chini ya wavu uliosimama, kisha atauinua ule uliolala kwa kichwa na mabega.

Ncha zote za waya zipinde kuelekea chini, la sivyo zitamchana nyayo. Kabla ya kuchimbia nguzo, hakikisha unajua turubai la bwawa (lile lililotandikwa kuzuia maji yasipotee) limeishia wapi, kwa sababu mara nyingi linaendelea chini ya mawe ya ukingo mbali kuliko unavyodhani. Nguzo moja ikilitoboa, utaanza kujaza maji bila kujua yanakwenda wapi.

Na zege la kusimikia nguzo, jamani, zege! Maji yanayochuruzika kutoka kwenye zege bichi yana chokaa, na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 12 na kupita, wakati samaki wengi wa bwawani wanataka kati ya 6.5 na 8.5 hivi. Mvua ikinyesha nguzo hazijakauka, uchafu ule ukaingia bwawani, utaokota samaki asubuhi. Zifunike kwa nailoni mpaka zege likauke, weka tuta dogo la udongo kati ya nguzo na maji, na usioshe koleo wala ndoo karibu na bwawa.

Hatua ya 5. Geti. Liwe na bawaba zinazolifunga lenyewe, na komeo juu asikoweza kulifikia kwa pua. Chini ya geti ile L haiwezi kuendelea, kwa hiyo weka kizingiti cha mawe bapa yaliyozama ardhini.

Hatua ya 6. Njia ya kutokea majini. Hata kama uzio wako ni mzuri, fanya hatua hii. Siku moja geti litaachwa wazi. Mbwa wengi wanaweza kuelea na kupiga makasia, lakini turubai lenye utelezi wa mwani halina pa kushika kucha, hivyo anazunguka bwawa zima mpaka anachoka na kuzama. Jenga mteremko usiozidi nyuzi 30, wenye uso wa kukwaruza, unaoanzia chini ya maji kwenye kina cha kifua chake. Ukiuanzishia juu ya maji hautamsaidia, kwa sababu mbwa anayeogelea hana nguvu ya kujinyanyua mzima mzima. Kisha mfunge kamba, mwingize taratibu, mwonyeshe njia ya kutoka, urudie mpaka aijue bila wewe. Wenye Bulldog na Pug muwe makini zaidi. Kwa kichwa kizito, mwili mzito na pua fupi, hao huzama upesi.

Hatua ya 7. Mafunzo. Kamba ndefu, neno moja la kukataza lisilobadilika, na zawadi mara tu anapoyageuzia maji mgongo. Nyumba nzima itumie neno hilo hilo. Mafunzo yanafanya kazi ukiwapo. Ukiwa umelala au umetoka, kinachofanya kazi ni uzio.

Visivyofaa: pilipili, siki na maganda ya machungwa ukingoni, mvua ya kwanza inaviondoa. Naftalini (vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini) usiiguse kabisa. Ni sumu kwa mbwa na kwa samaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mjukuu wa Bibi: Mkuu, mbwa wangu anaingia sana bwawani, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 1 mpaka ya 7. Ukikwama, niambie umekwama ya ngapi.

Fundi Mpya: Maelezo marefu mno. Si utandaze tu wavu laini juu ya maji, kazi imekwisha?

Jibu: Haijakwisha. Wavu laini unamzuia ndege. Mbwa mwenye uzito anaukanyaga, miguu inapita kwenye matundu, unamfunga akiwa majini na anazama akipambana nao. Ukitaka kufunika bwawa, tumia wavu wa chuma uliochomelewa kwenye fremu, unaoweza kumbeba bila kubonyea. Urefu wa maelezo haujaongezwa kwa kupenda. Kila sentensi hapo juu imewekwa kwa sababu kuna mtu aliiruka akapata hasara.

Fundi Mpya: Na umeme je? Natoa waya mmoja ndani, nauzungusha.

Jibu: Usithubutu. Umeme wa nyumbani ukiunganishwa na uzio unaua mbwa, mtoto, jirani, na wewe mwenyewe ukiwa umelowa. Kuna mashine maalumu za uzio wa mifugo, zinazotoa mshtuko mfupi sana mara moja kila sekunde hivi, nazo zinafungwa kwa kufuata maelekezo yake na kuwekewa alama ya onyo. Hata hizo mimi simshauri mtu aanze nazo kwa mbwa wa nyumbani. Mwoga anaweza kuikimbia bustani nzima. Na majani yakiota yakagusa waya, nguvu inapotea ardhini bila wewe kujua.

Mama Pacha: Mwalimu, asante kwa somo. Mbwa wetu aliponyoka akaogelea, alikuwa ametoka kupakwa dawa ya kupe mgongoni. Baada ya hapo samaki wawili wakafa na waliobaki wanahema juu juu. Inaweza kuwa dawa?

Jibu: Dada, umeuliza jambo la maana sana. Ndiyo, inawezekana. Dawa nyingi za kupe na viroboto zina pemethrini, dawa nyingine za jamii yake, au fiproni. Hizo ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini hata kwa kiasi kidogo. Bwawa dogo ndilo linaloumia zaidi, kwa kuwa maji ni machache na dawa haipati pa kusambaa. Badilisha sehemu ya maji sasa, kama theluthi hivi, kwa maji yenye joto linalokaribiana na ya bwawani, yasiyo na klorini. Weka kaboni (mkaa maalumu wa kuchujia) kwenye chujio, washa pampu ya hewa usiku na mchana, na simamisha kulisha kwa leo. Kisha soma karatasi ya dawa uone inakataza kuogelea kwa muda gani. Nyingi za kupaka hutaja saa 48 au zaidi. Maji ya kumwogeshea dawa yasimwagwe mahali yatakapotiririkia bwawani. Ukiweza, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo, umwambie una bwawa, akuchagulie vidonge vya kupe badala ya dawa ya kupaka.

Mama Pacha: Nimebadilisha maji, wameanza kutulia. Na mbwa mwenyewe je? Aliyanywa.

Jibu: Nafurahi. Kwa mbwa, angalia kwanza ulitia nini bwawani. Kama uliwatibu samaki kwa formalini, malakaiti ya kijani au dawa yenye shaba, asiyanywe kabisa. Hofu nyingine ni utando wa kijani-buluu unaoelea kama rangi iliyomwagika. Baadhi ya aina zake zina sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya saa chache. Ukiuona, zuia wanyama wote. Panya wakikojoa majini nao huleta leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoharibu ini na figo, kwa hiyo chanjo ni muhimu kwa mbwa anayeishi karibu na bwawa. Akitapika, akiyumba au akitetemeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje kesho. Vivyo hivyo kwa mbwa aliyenusurika kuzama: aangaliwe hata akionekana mzima, maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Mjukuu wa Bibi: Mimi nimejenga ukuta wa bwawa kwenda juu sentimita 50. Hautoshi?

Jibu: Kwa mbwa mdogo sana asiyeruka, huenda ukatosha; kwa wengine fuata vipimo vya hatua ya 3. Mkubwa atauona kama kiti. Na ukuta ulioinuka unafanya kutoka kuwe kugumu zaidi, kwa hiyo rudi hatua ya 6.

Mpenda Koi: Nyongeza kutoka kwangu: waya wa pampu uupitishe kwenye bomba gumu. Mtoto wa mbwa wangu aliutafuna, bahati swichi ya usalama ikakata umeme.

Jibu: Ahsante sana, hili ningepaswa kuliweka juu. Wote: swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, ni lazima kwa kifaa chochote cha umeme kinachokaa majini.

Mpenda Koi: Ile mashine inayorusha maji ikihisi kitu kikisogea, ingefaa kwa mbwa?

Jibu: Kwa korongo anayekuja kuiba samaki inasaidia, mradi uihamishe mara kwa mara asiizoee. Kwa mbwa mwenye joto, utakuwa umemnunulia bafu. Wangapi wako wanaopenda maji?

Mpenda Koi: Wote.

Jibu: Basi pesa hiyo iweke kwenye wavu wa chini ya uzio. Ukipima mzunguko wa bwawa, niandikie vipimo hapa nikupigie hesabu ya mita.