Kabla ya kufungua kitabu cha sheria, omba risiti

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa masomo ya sheria, nikijitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria, alikuja mama lishe wa Manzese, Dar es Salaam. Friji alilonunua Kariakoo lilikoma kugandisha siku ya 9. "Mwanangu, wameandika hapa mali ikiuzwa hairudishwi." Nikaanza kumsomea vifungu. Wakili msimamizi akanizuia: "Muulize kwanza alimwambia nini muuzaji."

Nawe mwanafunzi wa sheria unayejitolea, anza hapo. Mpe shikamoo, mpe kiti, mwache asimulie mpaka amalize, ndipo uulize tarehe na bei. Mama alikuwa amemweleza muuzaji kwamba anataka friji la kugandishia samaki wa biashara, naye akamchagulia lile. Maneno hayo ndiyo yaliyobeba madai yetu: kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akitaja matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa sharti iyafae.

Kisha kusanya risiti ya EFD (mashine ya kodi), kadi ya dhamana na picha. Asiye na risiti, mtafutie ujumbe wa malipo kwenye simu, na mwambie asiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo.

Jua pia mlango wa kubisha, yaani mamlaka inayopokea lalamiko la kila huduma. Bando ni TCRA, umeme na maji EWURA, nauli ya daladala LATRA, mizani Wakala wa Vipimo. Udanganyifu wa wauzaji upeleke Tume ya Ushindani. Kwa bando na umeme, mteja aanze kwa mtoa huduma mwenyewe na adai namba ya lalamiko.

Barua ya madai andika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: kilichotokea, anachotaka, na siku 14 za kujibu. Msomee mteja kwa sauti kabla haijatoka. Mimi niliandika "friji bovu". Mama akanikatiza: "Linawaka, ila haligandishi." Angekuwa muuzaji ndiye wa kutusahihisha, tungeumbuka. Barua asaini wakili, maana wewe bado si wakili. Na usipokee hata nauli kwa mteja. Huduma hii ni ya bure.

Siku ya 11 baada ya barua, muuzaji alipiga simu, akaleta friji jingine. Nilienda Manzese likiwashwa. Tulikaa na mama jikoni mpaka jioni, tukisubiri chupa ya maji igande.